Bima inaisha Machi 20, upasuaji ni Machi 28: kisa cha nyumba moja ya Huruma

Familia inayochambuliwa hapa ni ya mfano. Matatizo yake si ya kubuni: ndiyo yanayofika kwenye madawati ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya Kenya), vituo vya Huduma vya serikali na vyumba vya usajili vya hospitali za Nairobi mwaka mzima. Tumeyaweka ndani ya nyumba moja ili ionekane jinsi tatizo moja linavyozaa lingine.

Wanaishi Huruma, mtaa wa Nairobi, chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu. Mume ni kibarua wa mjengo. Siku akipata kazi analipwa Sh800, na kwa mwezi anapata kama siku 12. Mke ana kibanda cha mboga chini ya ploti, na akishatoa mtaji na nauli ya soko anabaki na Sh200 hivi kwa siku, siku 26 za mwezi. Ukijumlisha ni Sh9,600 za mume na Sh5,200 za mke, yaani Sh14,800 kabla kodi ya nyumba haijaguswa. Wana watoto watatu, na mke ni mjamzito. Mtoto wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na daktari ameshasema huyu naye atatoka kwa njia hiyo hiyo. Siku ya makadirio ni Aprili 4, upasuaji umepangwa Machi 28 katika hospitali ya ngazi ya 5. Nyumbani kuna mtu mwingine pia: mama yake mume, mwenye miaka 72, aliyekuja kutoka Kitui kutibiwa presha.

Mwaka uliopita hawakulipia bima wenyewe. Mfadhili mmoja wa mtaani alizilipia familia kadhaa za ploti hiyo kwa mkupuo, nao wakafurahi, wakasahau. Tarehe 12 Januari mke yuko kliniki ya wajawazito kwenye kituo cha afya cha karibu. Karani anafungua rekodi yake.

"Mama, hii laini inayoishia na 47 ni yako?"

Si yake. Ni ya kijana wa saiba aliyemsajili. Ujumbe wowote wa kukumbusha kwamba bima inakaribia kuisha ungefika kwa kijana huyo. Rekodi ina mambo mengine pia: bima ni hai hadi Machi 20, mchango wa mwaka ujao ni Sh9,900, mume hayumo, watoto hawamo.

Kati ya Machi 20 na Machi 28 ni siku nane. Ndani ya siku hizo nane ndimo kisa chote kilimo.

Kliniki ya bure iliyompoteza mtu

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Mke amehudhuria kliniki kwenye kituo cha afya bila kulipa chochote, akapewa dawa, akapimwa damu. Kwa haki kabisa akaamini kwamba "SHA yangu inafanya kazi." Ilikuwa inafanya kazi kweli, lakini si ndiyo iliyomlipia.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu chini ya SHA. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inayolipia huduma kwenye dispensari na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hii haitaki mchango wako, inataka usajili tu. Ya pili ni SHIF, hazina ya bima yenyewe, inayolipia kulazwa, upasuaji, kujifungua, usafishaji wa figo na mengineyo. Hii inataka mchango uwe umelipwa na tarehe iwe haijapita. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu: inalipia matibabu ya dharura, na kwa magonjwa sugu inaanza pale SHIF inapoishia.

Kwa hiyo mtu anaweza kuhudumiwa bure kliniki miezi saba mfululizo, kisha siku ya kujifungua akaambiwa bima yake haiko hai. Karani hajasema uongo mara zote mbili. Kujifungua kunalipwa na SHIF: Sh10,000 kwa kuzaa kwa njia ya kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Kulazwa kwa sababu nyingine kunalipwa kwa siku, na kiwango kinapanda kulingana na ngazi ya hospitali: Sh3,360 ngazi ya 4, Sh3,920 ngazi ya 5 na Sh4,480 ngazi ya 6. Fedha hizo zinakwenda hospitalini, si kwako. Lakini bima ikiwa imekufa, hospitali itakugeukia wewe.

Swali la kuuliza kliniki basi si "SHA yangu iko sawa?" Muulize karani: "SHIF yangu iko hai hadi tarehe gani?" Ndilo swali lililomfanya huyu ajue habari ya Machi 20.

Sh9,900 zilitoka wapi

Mwenye mshahara hana shida hii. Mwajiri anakata asilimia 2.75 ya mshahara wote na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asiye na mshahara naye anatozwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, ila kwa kuwa hana hati ya malipo, mapato yanakisiwa. Anaulizwa maswali kwa *147#, kwenye tovuti ya Afya Yangu, au na mhudumu wa afya ya jamii aliyebeba simu ya kazi: mnaishi wangapi, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, sakafu, choo, maji, mnapikia nini, mnawasha taa kwa nini, mna vyombo gani, mna mifugo. Majibu yanaingia kwenye hesabu, hesabu inatoa kiasi cha mwezi, na kiasi hicho kinazidishwa mara 12 kwa sababu asiye na mshahara analipa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, Sh3,600 kwa mwaka.

Sh9,900 kwa mwaka ni Sh825 kwa mwezi. Ukigawa kwa asilimia 2.75 unapata Sh30,000. Maana yake hesabu imeamua kwamba mama mboga huyu ana mapato ya Sh30,000 kila mwezi. Mapato halisi ya nyumba yake ni Sh14,800, ambayo yangetozwa Sh407 kwa mwezi, Sh4,884 kwa mwaka. Anatozwa maradufu na zaidi.

Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Angalia majibu yaliyowekwa kwenye rekodi: ukuta wa mawe, paa la zege, sakafu ya simiti, choo cha maji, maji ya bomba, umeme, gesi, televisheni, idadi ya watu ndani ya nyumba mmoja. Kila jibu ni kweli, isipokuwa la mwisho. Ghorofa za Huruma ni za mawe. Choo ni cha maji, lakini ni kimoja kwa vyumba vinane. Bomba lipo, lakini likikauka maji yananunuliwa kwa mitungi. Gesi ni mtungi wa kilo 6 unaojazwa mwezi ukiwa mzuri, na miezi mingine jiko ni la makaa. Televisheni iliharibika mwaka juzi, sasa inawekewa vikombe juu.

Maswali ya namna hii humsoma vizuri zaidi mtu wa kijijini, ambako nyumba ya mawe mara nyingi ni dalili kweli ya uwezo. Mjini mpangaji hakujenga ukuta anaouegemea. Maskini wa mabanda ya mabati Mathare na maskini wa ghorofa ya mawe hatua mia mbili kutoka hapo wanaweza kuwa na kipato kilekile, lakini wakapewa mchango tofauti kabisa. Huo ni udhaifu wa kipimo chenyewe. Familia moja haiwezi kuuondoa, inachoweza ni kuhakikisha kwamba majibu mengine yote yanasema hali ilivyo.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa hilo la idadi. Mtu mmoja mwenye umeme, gesi na choo cha maji ni mtu aliyejiweza. Watu watano kwenye chumba kimoja chenye vitu hivyo hivyo ni habari nyingine. Watoto hawakuandikwa kwa sababu vyeti vyao vya kuzaliwa vilikuwa ushago siku ya usajili, na kijana wa saiba akasema wataongezwa baadaye. Mume hakuandikwa kwa sababu alikuwa amejisajili mwenyewe kwenye mjengo, siku walipoletewa usajili pale kazini, akajaza kwamba hana mke. Nyumba moja ikawa nyumba mbili kwenye kompyuta, na kila moja ina deni lake.

Na mbona mwaka jana hakuna aliyelalamika? Kwa sababu mfadhili ndiye aliyelipa. Asiyetoa pesa haangalii bei. Hili ndilo baya la ufadhili wa namna hii, pamoja na uzuri wake wote: kosa linakaa mwaka mzima ndani ya rekodi bila kuguswa, kisha linamwangukia mwenye rekodi mwaka ambao mfadhili hayupo.

Mpangilio wa kazi

Wengi hukimbilia kulipa kwanza na kurekebisha baadaye. Tunashauri kinyume chake: rekodi kwanza, kisha kipimo, pesa mwisho. Ukishalipa Sh9,900 kisha ukaomba upimwe upya, unapinga kiasi ambacho umeshakikubali kwa vitendo, na nguvu zako za kudai zimepungua.

Rekodi ilianza na namba ya simu. Mke alikwenda na kitambulisho chake halisi, si picha ya kitambulisho, kwenye kituo cha Huduma, akaomba laini ya saiba iondolewe na yake iwekwe. Laini yenyewe iwe imesajiliwa kwa jina lako. Iliyosajiliwa kwa jina la shemeji itakuletea taabu siku shemeji akiipoteza.

Pili, mume. Nyumba ya wasio na mshahara inatakiwa kuwa na mchangiaji mmoja, na mwenzi wake awe chini yake. Hapa mchangiaji akabaki mke, kwa sababu yeye ndiye mwenye bima hai, na yeye ndiye anayekwenda kulazwa. Rekodi ya mume haikuwa imewahi kulipiwa, kwa hiyo kuihamisha hakukupoteza kitu. Mume alihitajika na kitambulisho chake na simu yake mkononi, jambo lililomaanisha siku moja bila mjengo. Sh800 zikaenda hapo, na ni vizuri kuzihesabu, maana ni gharama ya kweli ya kulipia bima upya na haiandikwi popote.

Angalizo kwa wanaume wa mjengo: kuna wakandarasi wanaokata asilimia 2.75 kwa miezi michache kisha kazi inaisha. Rekodi inaweza kuendelea kukuonyesha kama mwajiriwa huku hakuna anayelipa. Kama uliwahi kukatwa, uliza hali yako ibadilishwe kabla hujaanza mambo ya kupimwa.

Tatu, watoto. Kila mmoja anahitaji cheti cha kuzaliwa. Vyeti viwili vilitumwa kutoka ushago kwa basi, cha tatu kikagunduliwa kwamba hakijawahi kuchukuliwa: kilichokuwapo ni karatasi ya taarifa ya kuzaliwa tu. Maombi ya cheti yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hayafanyiki kwa siku moja, ndiyo sababu kazi hii inaanza Januari na si Machi. Kwa faida ya wenye watoto wakubwa: kijana ambaye bado yuko chuoni anaweza kubaki chini ya mzazi hadi miaka 25, lakini uwe na barua ya chuo.

Baada ya watu wote kuingia ndipo ikaombwa kupimwa upya. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo alikuja nyumbani. Ni vizuri aje nyumbani, akione chumba kwa macho. Maswali yaliyojibiwa tofauti na mwanzo ni haya: watu watano badala ya mmoja, chumba kimoja, nyumba ya kupanga, choo cha kushirikiana na vyumba vingine, nishati kuu ya kupikia ni makaa, televisheni haifanyi kazi. Ukuta ukabaki wa mawe. Umeme ukabaki umeme.

Majirani walimshauri mke aseme mabati. Ni ushauri mbaya. Kutoa habari za uongo kwa SHA ni kosa kisheria, na mhudumu yule yule anayejua ghorofa hiyo ndiye anayejaza fomu. Zaidi ya hapo, uongo wa ukuta haukuhitajika: ukweli wa watu watano ulitosha kushusha hesabu.

Katika mfano huu kiasi kipya kikatoka Sh435 kwa mwezi, Sh5,220 kwa mwaka. Hazikuwa Sh407 za mapato halisi, kwa sababu kipimo hakihesabu noti zako, kinakisia. Kutoka Sh9,900 ni punguzo la Sh4,680. Kibarua wa mjengo anafanya kazi karibu siku sita kuipata pesa hiyo.

Je, barua ya chifu ingesaidia? Inasaidia kuthibitisha makazi na kuelezea hali, hasa ukifika ofisini kulalamika. Haibadilishi hesabu. Kinachobadilisha hesabu ni majibu yaliyomo kwenye rekodi.

Kwa nini serikali haikuwalipia

Hili huulizwa kwa hasira, na hasira ina msingi. Sheria inasema serikali italipia nyumba zisizojiweza, na Oktoba 2025 ulizinduliwa mpango wa kuwadhamini watu wapatao milioni 2.2 wa kipato cha chini kabisa. Lakini mpango huo hauombwi kwenye dirisha la hospitali. Anayeteuliwa ni yule ambaye kipimo kimemweka chini kabisa, na ambaye mtaani anatambuliwa hivyo na wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa utawala. Mtu ambaye rekodi yake inasema anapata Sh30,000 hafikiriwi hata kidogo. Hii ni sababu nyingine ya kurekebisha kipimo hata kama huna nia ya kupinga bei: kipimo hicho hicho ndicho mlango wa udhamini.

Hata baada ya marekebisho, familia yetu haikuingia. Sh300 za chini kabisa zinalingana na mapato ya Sh10,909 kwa mwezi, nao wako juu ya hapo. Kwa maoni yetu hili ndilo kundi ambalo mfumo unalitendea vibaya zaidi: si maskini wa kutosha kulipiwa, si tajiri wa kuwa na maelfu yamekaa. Enzi za NHIF, bima ya zamani ya taifa, mtu kama huyu alilipa Sh500 kila mwezi, Sh6,000 kwa mwaka. Sh5,220 ni nafuu kuliko Sh6,000, lakini Sh500 leo na Sh500 mwezi ujao ni rahisi kuzipata kuliko Sh5,220 zikihitajika siku moja. Bei imeshuka, mzigo umepanda.

Na waliolipiwa na serikali zamani, kupitia ule mpango wa ruzuku ya NHIF ulioanza 2014 au ule wa nyumba milioni moja uliofuata, wasidhani wamehamishwa na ufadhili wao. NHIF ilikoma, SHA ikaanza kazi Oktoba 1, 2024, na kila mtu alitakiwa kujisajili na kupimwa upya.

Shosho

Mama mkwe ana kisa chake, na kosa la kwanza lililotaka kufanywa lilikuwa kumwongeza kama tegemezi wa mwanawe. Haiwezekani. Nyumba kwa maana ya SHA ni mchangiaji, mwenzi na watoto. Mzazi ni mchangiaji wake mwenyewe, hata akilala kwenye godoro la mjukuu.

Yeye yuko Inua Jamii, ile Sh2,000 ya kila mwezi kwa wazee wa kuanzia miaka 70, na rekodi yake ya SHA inaonyesha amedhaminiwa. Hakuna cha kulipa. Lakini kudhaminiwa nako kuna tarehe ya mwisho, na kinachounganisha orodha na mtu ni namba ya kitambulisho. Kwa hiyo kazi ilikuwa mbili: kupiga *147# kwa namba ya kitambulisho chake kuona hali na tarehe, na kulinganisha jina lililoko SHA na la kitambulisho, herufi kwa herufi.

La tatu lilikuwa kutofanya kitu. Mhudumu alipokuja kupima nyumba ya Huruma, mume alitaka mama naye apimwe hapo hapo. Nyumba ya shosho iko Kitui: udongo, mabati, maji ya mtoni. Amekuja Nairobi kutibiwa na atarudi. Angepimwa upya akiwa kwenye ghorofa la mawe lenye umeme, rekodi ingemsema mtu ambaye si yeye, na udhamini ungeweza kupotea. Bima yake inatambuliwa kaunti zote, haihitaji kuhamishwa. Kama angekuwa amehamia Nairobi moja kwa moja, hapo angetakiwa kuisema hali mpya ilivyo.

Dawa za presha anazipata kituo cha afya cha ngazi ya 3, ambako hata bila udhamini angehudumiwa. Shida yake ilikuwa vidole. SHA imeelekea kwenye kuthibitisha mgonjwa kwa alama za vidole badala ya namba za siri za kwenye simu, na vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote vimesuguliwa laini.

"Shosho, weka tena. Sasa cha gumba. Kingine."

Kuna mambo madogo yanayosaidia: kunawa, kukausha, kupaka mafuta kidogo sana ngozi ikiwa imepauka, kisha kujaribu vidole vyote kumi na si viwili vya kwanza tu. Kidole cha pete cha mkono asioutumia sana mara nyingi hakijachakaa. Cha muhimu ni kufanya hivyo siku ya kliniki ya kawaida, mtu akiwa mzima, ili siku ya kulazwa isiwe ndiyo siku ya kugundua kwamba mashine haimsomi.

Pesa

Mchango wa mwaka kwa asiye na mshahara unatakiwa siku 14 kabla ya ule wa zamani kuisha. Machi 20 ukirudi nyuma siku 14 ni Machi 6. Hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa ukutani kwa kalamu, si Machi 20.

Kutoka katikati ya Januari kuna wiki saba. Sh9,900 zingetaka zaidi ya Sh200 kila siku, yaani faida yote ya kibanda. Sh5,220 zinataka Sh107. Bado ni nusu ya faida, lakini mume akiweka Sh300 kila siku anayopata mjengo, zinatimia hata bila kibanda.

Zinawekwa wapi? Popote pasipofikika kwa urahisi: chama, akiba iliyofungwa ya kwenye simu, kwa mtu mwaminifu. Usizitume SHA vipande vipande kwa kudhani zitajumlishana na bima iwake taratibu, maana pungufu ya mwaka haifungui SHIF. Anayetaka kulipa kidogo kidogo kwa njia rasmi ana Lipa SHA Pole Pole, mpango ulioletwa 2025, ambao unakukopesha mchango wa mwaka, bima inawaka, nawe unarudisha kwa awamu. Ni mkopo, na uhesabiwe kama mkopo. Kwa familia hii tungeupendekeza kama kinga tu: ikifika Machi 6 na akiba haijatimia, wauchukue na walipe, kuliko kufika Machi 28 bila bima.

Na kama ombi la kupimwa upya lingekuwa bado halijajibiwa kufikia Machi 6? Hapa maoni yanatofautiana. Sisi tunasema walipe Sh9,900, hata kwa kukopa, na madai yaendelee kwa ajili ya mwaka unaofuata. Upasuaji peke yake ni Sh30,000. Kusubiri haki huku tarehe ya kisu inakaribia ni ghali mno. Kwa nyumba isiyo na mjamzito wala mgonjwa wa kusafishwa figo tungesema tofauti.

Kuna wanaongoja mpaka wawe wodini ndipo walipe. Wapo waliofanya hivyo wakafaulu. Lakini hapo unalipa kiasi chochote kilichoko kwenye rekodi, kwa haraka, huku ndugu wakichangisha kwenye kikundi cha simu, na mitambo ikisumbua asubuhi hiyo bili inaendelea kupanda.

Malipo yafanywe kwa kufuata *147# au Afya Yangu, kwa namba ya kitambulisho cha mchangiaji. Atakayekupigia akisema utume kwa namba yake binafsi ili "akuharakishie" ni mwizi, hata akijua jina lako lote.

Baada ya kulipa

Ujumbe wa M-Pesa si bima. Mke alilipa Machi 4, akahifadhi ujumbe, kisha siku iliyofuata akaangalia hali yake tena. Anachotafuta ni tarehe ya mwisho: isomeke Machi 20 ya mwaka unaofuata. Ikiwa bado inasoma ya mwaka huu, malipo yamefika lakini hayajaunganishwa na rekodi, na dawa yake ni kupiga 147, laini ya bure ya SHA, au kwenda ofisini na namba ya muamala. Kwa Nairobi, makao makuu yako barabara ya Ragati, Upper Hill, jengo lililokuwa la NHIF, lakini dawati la SHA kwenye kituo cha Huduma kilicho karibu hufanya kazi hiyo hiyo bila foleni ya mjini.

Wiki moja kabla ya upasuaji alipitia ofisi ya SHA iliyoko ndani ya hospitali, akahakikisha mambo matatu: kwamba yeye anaonekana hai, kwamba vidole vyake vinasoma, na kwamba hospitali ina mkataba na SHA kwa huduma hiyo. Kibali chochote kinachohitajika kabla ya upasuaji huombwa na hospitali, si mgonjwa. Asikubali kuambiwa akakitafute mwenyewe.

Mtoto mchanga hajiingizi kwenye rekodi. Kabla ya kutoka wodini, mke anatakiwa aondoke na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa iliyoandikwa majina sawasawa na yatakayokuwa kwenye cheti, kwa kuwa herufi moja ikipotoka itarudi kumsumbua. Kwa karatasi hiyo mtoto anaongezwa kama tegemezi, na cheti kinaombwa eCitizen mara moja, kisije kikakaa kama cha kaka yake. Akishaongezwa, nyumba ni ya watu sita, na idadi hiyo ndiyo itakayosomwa na kipimo kijacho. Tarehe ya kuanza kufuatilia tena, kwa nyumba hii, ni wiki ya pili ya Januari.